Miaka 30 kwa Kiroba Kimoja: Tuliyojifunza Katika Kesi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoachiwa huru na Mahakama Kuu, majirani zetu wa Igoma, jijini Mwanza, walinipa mkono wa pongezi wakiamini kwamba jaji amegundua kuwa kijana yule alikuwa dereva wa bodaboda tu, aliyebebeshwa mzigo wa mtu. Hukumu ya rufaa haikusema hivyo popote. Ilikichunguza kiroba cha bangi alichokamatwa nacho, hati zilizoambatana nacho na mikono iliyokipitisha kutoka barabarani hadi mahakamani, ikaona kasoro, ikafuta hatia na kifungo chake cha miaka 30. Udogo wa nafasi yake katika biashara ile haukuamua chochote, kwa sababu sheria iliyotumika humpima mtu kwa uzito wa mzigo na si kwa kazi aliyoifanya. Naandika haya kwa ajili ya familia zitakazojikuta pale tulipokuwa, na pia kwa sababu naamini sheria hii inahitaji kurekebishwa, hata kama sisi wenyewe tumeshatoka.

Kwanza niseme wazi kwamba mdogo wangu hakuwa malaika. Alikuwa akiegesha pikipiki Kisesa, na mteja aliyemfahamu kwa sura, ambaye aliwahi kumbebea magunia ya dagaa, alimpa kiroba akipeleke Kirumba kwa nauli ya shilingi 15,000. Kwa safari ile nauli hiyo ilikuwa kubwa mno, na upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka, uliitumia mahakamani kuonyesha kwamba alijua anachokibeba. Aliniambia mwenyewe baadaye, tukizungumza kwenye dirisha la wageni gerezani, kwamba harufu aliisikia. Mwenye mzigo alikuwa nyuma na pikipiki nyingine. Alipowaona askari kizuizini aligeuza, akatoweka. Ndani ya kiroba kulikuwa na bangi ya takribani kilo 12. Tangu siku ile hadi leo sijasikia kwamba mwenye mali ametafutwa.

Sisi tulipata habari kesho yake asubuhi, na kwa hiyo mambo mengi muhimu yalikuwa yameshafanyika. Usiku ule alikuwa amesaini karatasi kadhaa kwa mwanga wa simu ya askari, bila kuzisoma na bila kusomewa. Mojawapo ilikuwa hati ya ukamataji mali, nyingine maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa akihojiwa na polisi. Ndugu wa mtu aliyekamatwa ajue kwamba sheria ya mwenendo wa jinai imeweka saa nne tangu kukamatwa kuwa muda wa kawaida wa kumhoji mtuhumiwa, isipokuwa muda huo uwe umeongezwa kwa utaratibu uliowekwa, na kwamba mtuhumiwa ana haki ya kuomba ndugu, rafiki au wakili awepo anapohojiwa. Anayekamatwa na mzigo anastahili pia kupewa stakabadhi ya kile kilichochukuliwa, na upekuzi unatakiwa uwe na shahidi asiye askari pale anapoweza kupatikana. Mambo haya yanaonekana madogo usiku wa kwanza. Ukifika kwenye rufaa, ndiyo kesi yenyewe.

Wiki zile za mwanzo ndizo zilizotugharimu fedha za bure. Baba mdogo alitafutwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ana watu wake ndani, akaahidi kwamba jalada litakufa kabla halijafika kwa mwanasheria wa Serikali. Alipewa shilingi 1,500,000, nyingine za mkopo wa kikundi cha mama, na simu yake haikupatikana tena. Vishoka wanaoranda kwenye korido za mahakama na nje ya vituo huwatambua ndugu waliochanganyikiwa kwa kuwaangalia tu. Wakili wa kweli ana ofisi, anatoa risiti, na yuko kwenye orodha ya mawakili inayoweza kuhakikiwa. Asiye na uwezo wa wakili asikimbilie uchochoroni: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria inayobeba jina la Rais Samia imekuwa ikipita mikoani. Ushauri wa bure niliopewa na msaidizi wa kisheria mmoja, chini ya turubai, ulikuwa na maana kuliko yote tuliyouziwa.

Aliposomewa shtaka, mama alishtushwa na maneno ambayo hakuyatarajia: uhujumu uchumi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama kijana ameibia Serikali. Makosa ya kusafirisha dawa za kulevya yamewekwa katika kundi hilo, ndiyo maana siku ya kwanza hakimu alimwambia mdogo wangu kwamba hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka mpaka ipatikane ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka pamoja na hati ya kuipa mahakama ile uwezo wa kusikiliza kesi. Familia nyingi huondoka siku hiyo zikidhani kesi imekataliwa. Haijakataliwa, ndiyo kwanza imeanza. Hakikisheni nyaraka hizo mbili zinapowasilishwa mnajua tarehe yake, kwa sababu kukosekana kwake au kasoro ndani yake kumewahi kubatilisha mashauri yaliyokwisha kuhukumiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma sheria yenyewe, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha hisabati shule ya msingi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitungwa 2015, ikachukua nafasi ya ile ya 1995, kisha 2017 ikafanyiwa marekebisho yaliyokaza adhabu. Mizigo mikubwa ina kifungo cha maisha. Mizigo iliyo chini ya viwango vilivyotajwa, ambamo kilo 12 za bangi zimo, ina miaka 30. Kilichonitoa usingizi ni tafsiri ya neno kusafirisha. Ndani yake kumewekwa kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kumiliki, kuzalisha, kubeba na kusambaza. Aliyelima, aliyetoa mtaji, aliyeweka kiroba chumbani na aliyelipwa nauli ya pikipiki wote wanaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwenye idadi ileile ya miaka. Kipo kifungu chepesi zaidi kwa anayekutwa na kiasi kidogo, lakini hicho kinamfaa mvutaji mwenye misokoto mfukoni, si mbebaji.

Rumande ilikuwa ndefu. Dhamana kwa uzito ule ilikuwa inawezekana, lakini masharti yalihitaji wadhamini wenye barua za mwenyekiti wa mtaa na hati ya nyumba au kiwanja. Nyumba ya mama haina hati, kama zilivyo nyumba nyingi za mlimani Mwanza. Ina karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mtu mwenye hati aliyekubali kuiweka rehani kwa kesi ya bangi hatukumpata, na sikuwalaumu waliokataa. Basi tukawa watu wa tarehe: unafika asubuhi, unangoja karandinga, unamwona akishuka, kesi inatajwa, wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, inapangwa tarehe nyingine. Mjue kabisa kwamba gharama ya kesi haiko kwa wakili peke yake. Iko kwenye nauli, kwenye vibarua vilivyokosekana siku za kutajwa, kwenye sabuni na dawa ya meno za kupeleka gerezani, na kwenye pikipiki ambayo bado ilikuwa na deni na ilikuwa imeshikiliwa kama kielelezo. Mwenye pikipiki alitudai hadi mwisho.

Huko rumande kuna chuo cha sheria kisicho na mwalimu. Mahabusu wenzake walimshauri akiri kosa mapema, wakisema hakimu humhurumia asiyemsumbua. Karibu akubali. Anayefikiria kukiri aelewe kwanza tofauti iliyopo. Kukiri kizimbani kwa shtaka lilivyo ni kujikabidhi kwa adhabu iliyoandikwa, yaani miaka 30. Makubaliano ya kukiri kosa ni jambo jingine: yaliingizwa kwenye sheria 2019, hufanyika kwa maandishi kati ya mshtakiwa na waendesha mashtaka kabla ya hukumu, na yanaweza kugusa shtaka lenyewe. Hayapatikani kwa dawa zenye thamani ya soko inayozidi shilingi milioni 20, na mtu asiyaingie bila wakili. Kwetu yalijadiliwa yakaishia hewani. Nitakalosema ni kwamba mlango ule uko mikononi mwa mwendesha mashtaka, na hakimu, ambaye ndiye anayemwona mshtakiwa uso kwa uso, hana funguo yake.

Wakati wa usikilizwaji hatukuwa na wakili. Fedha zilikuwa zimekwisha kwa yule kishoka. Nilikaa benchi la nyuma nikamsikia mdogo wangu akiulizwa, kila kielelezo kilipotolewa, kama ana pingamizi lolote. Alijibu kila mara, kwa adabu kabisa, "Sina, mheshimiwa." Alikuwa amelelewa asibishane na wakubwa. Kumbe swali lile ndilo dakika ya pekee ya kusema kwamba maelezo yalichukuliwa nje ya muda, au kwamba hukusomewa ulichosaini, au kwamba kiroba kilicho mezani sicho ulichokamatwa nacho. Mfundisheni ndugu yenu kabla hajapanda kizimbani: kunyamaza pale kunahesabiwa. Afadhali tuna bahati moja, kwamba tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo kilichosemwa kiliandikwa kwa lugha tuliyoweza kuja kuisoma wenyewe.

Siku ya hukumu alitiwa hatiani na kupewa nafasi ya shufaa, yaani kuomba apunguziwe adhabu. Alisema ni kosa lake la kwanza, ana mtoto mdogo, na anamtegemeza mama mwenye kisukari. Hakimu aliandika yote. Kisha akasema mahakama imesikia, lakini sheria imekwisha kuipima adhabu ya kosa hili, akasoma miaka 30. Sikumwona kama mtu katili. Nilimwona kama karani aliyepewa risiti iliyoandikwa kiasi tayari, akabakiwa na kazi ya kugonga muhuri. Mdogo wangu alikuwa na miaka 24.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila familia ikishike, kwa sababu huzuni ya siku zile huwafanya watu walale ndani wakati muda unakwenda. Kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Hati ya rufaa yenyewe, yenye sababu, huwasilishwa ndani ya siku 45, na muda wa kungoja nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, na ya hukumu hauhesabiwi ndani yake. Aliye gerezani hahitaji kumtuma mtu: anaandika kupitia kwa mkuu wa gereza, naye analazimika kuipeleka mahakamani. Muda ukipita, Mahakama Kuu inaweza kuuongeza mkitoa sababu ya msingi, lakini hilo ni ombi jingine lenye foleni yake. Mdogo wangu alisaini kusudio lake siku chache baada ya hukumu, si kwa ujanja wetu, bali kwa sababu nyampara wa selo, mfungwa mzee, aliwaamuru wageni wote wafanye hivyo kabla hawajaanza kulia.

Nakala ya mwenendo ilikawia. Ilipopatikana tuliuza kiwanja cha baba kule Buhongwa, tukampata wakili kijana ambaye alikubali kulipwa kwa awamu. Kabla ya kwenda kwake niliisoma kurasa kwa kurasa kwenye meza ya chakula, na kalamu nyekundu mkononi kama ninavyosahihisha madaftari. Hati ya ukamataji ilisema kiroba kimoja cheupe. Shahidi wa pili, aliyesema alikipokea kituoni, alizungumzia mfuko wa bluu. Mtunza vielelezo hakuitwa kabisa, na hakuna karatasi iliyoonyesha ni nani aliyekitoa stoo kukipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali wala ni nani aliyekirudisha. Taarifa ya mkemia ilipokelewa lakini haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, hivyo mshtakiwa hakuwahi kujua ndani imeandikwa nini. Wakili aliponionyesha shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ambamo Mahakama ya Rufani ilieleza umuhimu wa kumbukumbu za maandishi za kila mkono uliopokea kielelezo, nilielewa kwamba tuna kesi. Usingoje wakili akusomee. Yeye ana majalada mengi. Wewe una moja.

Rufaa ilisikilizwa kwa muda mfupi kuliko nilivyodhani, hoja zikatolewa, tarehe ya hukumu ikapangwa, na siku hiyo mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ukakutwa umekatika, taarifa ya mkemia ikaondolewa kwenye kumbukumbu, na bila hiyo hapakuwa na uthibitisho kwamba kilichobebwa ni bangi. Akatoka. Hatukufanya sherehe, maana Jamhuri nayo ina haki ya kwenda Mahakama ya Rufani na ina siku 30 za kutoa kusudio. Tulikaa kimya tukihesabu, na yeye hakulala nyumbani kwa mama hadi zilipopita.

Sasa nirudi kwenye jambo linalonikera. Jirani wa mdogo wangu kwenye selo alikuwa mvuvi wa Ukerewe, aliyekamatwa na mfuko mwepesi kuliko wetu, akiubeba kwenye mtumbwi kwa malipo ya siku moja. Karatasi zake zilikuwa safi: stakabadhi ipo, shahidi wa kiraia yupo, kila aliyekabidhiwa amesaini. Askari waliofanya kazi vizuri walimpeleka miaka 30. Waliofanya ovyo walimrudisha mdogo wangu nyumbani. Kama kuna mtu anaona hapo haki imetendeka kwa yeyote kati yao, anieleze. Nilitaka mdogo wangu aadhibiwe, ndiyo. Ningekubali mwaka, ningekubali mitatu, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 ingemtosha kabisa, lakini sheria hiyo inawahusu wenye vifungo visivyozidi miaka mitatu, kwa hiyo mtu wa miaka 30 haioni hata kwa mbali. Parole, yaani kutoka gerezani kwa masharti kabla ya muda, nayo imewatenga wafungwa wa dawa za kulevya, na katika misamaha ya Rais wamezoea kusikia kosa lao likitajwa miongoni mwa yasiyohusika.

Wanaotetea ukali wa sheria hii huniambia kwamba nimesahau watoto wanaoharibika. Sijasahau, nawafundisha. Najua pia kwamba nchi hii hii, tangu 2011 pale Muhimbili, imekuwa ikiwatibu watumiaji wa heroini kwa dawa mbadala ya methadoni, kwa kutambua kwamba si kila aliyeguswa na dawa anatibiwa kwa jela. Wengine wamepita njia hii mbele yetu. Jimbo la New York nchini Marekani liliweka vifungo virefu vya lazima 1973, likaishi navyo miaka zaidi ya 30, likavilegeza 2009 na kuwarudishia majaji uwezo wa kumpeleka mtu kwenye matibabu badala ya gereza. Ghana, kwa sheria yake ya 2020, ilibadili kifungo kwa anayekutwa na dawa za matumizi yake binafsi kuwa faini. Mbebaji wa mzigo hakuguswa na badiliko hilo la Ghana, na ndiye ninayemsemea mimi. Ninachoomba si bangi iruhusiwe. Ninaomba sheria imtenganishe mwenye mali na mchukuzi, itaje miaka 30 kuwa kikomo cha juu badala ya kipimo kimoja cha wote, na imruhusu hakimu aandike kwa nini mtu fulani, asiye na silaha, asiye na rekodi, anastahili pungufu.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipozunguka kukusanya maoni 2023, nilikuwa bado kwenye foleni za karandinga na sikujua kwamba raia wa kawaida anaweza kusema chochote. Anaweza. Tume ya Kurekebisha Sheria hupokea barua, na muswada unapokuwa kwenye kamati ya Bunge wadau hualikwa kutoa maoni. Andikeni kwa ufupi, tajeni kifungu, elezeni kisa kimoja kwa ukweli wake wote, pamoja na sehemu inayomtia ndugu yenu aibu. Yangu nimeipeleka, na ile harufu ya kwenye kiroba nimeiandika.

Mke wa yule mvuvi alinitafuta baada ya kusikia habari zetu, akaja kwa feri akiwa na mwenendo wa kesi ya mumewe umefungwa kwenye kanga. Tuliusoma wote wawili mezani pangu, na sikumficha: hakuna mfuko uliobadilika rangi, hakuna saini inayokosekana. Rufaa imesajiliwa kwa sababu moja tu, ukubwa wa adhabu, na wakili ametuonya mapema kwamba hiyo ndiyo sababu ngumu kuliko zote.